Tony Lockett: visa vitano vya jitu la mabao

Australia wana kandanda lao: uwanja umbo la yai, mpira umbo la yai, na magoli hayana nyavu. Kwa hiyo Tony Lockett, mzaliwa wa Ballarat aliyebandikwa jina la Plugger, hakuzifumania nyavu hata siku moja. Alifunga tu mabao 1,360 katika mechi 281, na hakuna aliyemfikia.

5. Kustaafu nusunusu. Alitundika daluga 1999, akazitungua 2002. Mechi tatu, mabao matatu. Straika wa kawaida angefanya sherehe. Kwa Plugger huo ulikuwa ukame.

4. Kiwiko. Mwaka 1994, akiwa klabu ya St Kilda, aliwatandika Sydney mabao 11 na kumvunja pua beki wao, Peter Caven. Akafungiwa mechi nane, na kusema kweli zilimstahili. Msimu uliofuata akasajiliwa wapi? Sydney hukohuko. Sijui Caven alimkaribisha kwa chai au kwa kofia ya chuma.

3. Nguruwe. Mwaka 1993 St Kilda walipocheza Sydney, watani walimwachia uwanjani mtoto wa nguruwe aliyepakwa namba 4, jezi ya Lockett. Mashabiki hoi kwa kicheko, kitimoto inakimbia, mpaka mchezaji wa Sydney, Darren Holmes, alipomdaka. Miaka miwili baadaye jiji hilohilo likamwita Lockett mfalme. Mashabiki bwana!

2. Bao la 1,300. Juni 6, 1999, aliipiku rekodi ya Gordon Coventry iliyodumu tangu 1937. Coventry alikuwa wa Collingwood. Na siku hiyo Sydney walikuwa wanacheza na nani? Collingwood! Watu wakamwagika uwanjani, mechi ikasimama.

1. Mkwaju uliokosa. Ndiyo, namba moja ni kukosa, na anayebisha abishe. Nusu fainali ya 1996, Sydney na Essendon wako sare. Lockett, nyonga ikimsumbua, anaudaka mpira mbali na goli; king'ora kinalia, lakini sheria inamruhusu apige. Goli lina nguzo nne: ukipitisha katikati ni pointi sita, pembeni ni moja. Akaupiga kwa nguvu zote. Ukapita pembeni. Sydney 70, Essendon 69, na uwanja mzima ukapagawa kwa shuti lililokwenda kombo.

Fainali yenyewe walifungwa na North Melbourne, lakini jaribu kumkuta shabiki wa Sydney anayeanzia hapo kusimulia.