Ainisho la Wathibitishaji kama Lilivyochunguzwa Ndalu

Tafiti nyingi kuhusu sarafu za kidijitali hufanywa katika miji ambayo stima haipotei. Makala haya yamechagua Ndalu, eneo bunge la Tongaren, pale Bungoma inapokaribia kuwa Trans Nzoia. Vijana wa huku wana simu, na bei ya mahindi imewafunza kumtilia shaka kila anayesema "niachie mimi". Mbinu ya utafiti ilikuwa kukaa kwenye benchi karibu na kibanda cha M-Pesa. Sampuli ni wote waliokuwepo, wakiwemo waliokuwa wakingojea boda tu.

Kwanza usuli. Mitandao kama Cosmos, Solana na, tangu Septemba 2022, Ethereum, hulindwa na wathibitishaji, yaani watu walioweka sarafu zao dhamana. Kuendesha kompyuta yako mwenyewe ya uthibitishaji kwenye Ethereum kunataka ETH 32, pesa za kununua shamba na ng'ombe wa kuanzia. Kwa hiyo asiye na uwezo huo hukabidhi dhamana yake kwa mthibitishaji, ambaye hukata kamisheni kwenye malipo. Kwenye Cosmos mthibitishaji hawezi kutoroka na sarafu zako, ila akikosea, mnakatwa pamoja. Siku hizi kuchagua kwenyewe nako kumekabidhiwa: kijana anamwambia msaidizi wa akili unde "nichagulie", msaidizi anafungua zana yake, anavuta orodha, na chai haijapoa anarudi na majina matatu yenye sababu za adabu.

Uchunguzi wetu umebaini jamii zifuatazo.

Jamii ya kwanza ni Mnene. Huyu yuko juu ya orodha kwa sababu ana dhamana kubwa, na ana dhamana kubwa kwa sababu yuko juu ya orodha. Zana nyingi huipanga orodha kwa uzito wa dhamana, na msaidizi, asipoambiwa vingine, huchota pale juu. Wateuliwa wakiwa walewale kila siku, mtandao unaishia mikononi mwa wachache, na kwenye Cosmos wenye zaidi ya thuluthi moja ya dhamana wakigoma, kila kitu kinasimama. Wachunguzwa wetu hawakutishika. Walisema mkubwa haanguki. Tuliwakumbusha KUSCCO, mwavuli wa sacco za Kenya, ambako ukaguzi ulifichua pengo la takribani shilingi bilioni 13.3. Mmoja akasema hiyo ni siasa, akapanda boda yake.

Jamii ya pili, Mwenye Bure, ndiyo iliyotuchukulia muda mwingi, kwa kuwa ndiyo inayopendwa. Kamisheni yake ni 0%. Lakini rekodi ya mthibitishaji katika mitandao ya ukoo wa Cosmos ina tarakimu tatu, si moja: kamisheni ya leo, kamisheni ya juu kabisa anayoweza kufikia, na kiasi anachoruhusiwa kuipandisha kwa siku. Kwenye mitandao isiyoweka kiwango cha chini cha kamisheni, mtu anaweza kuandika sifuri kwenye ya kwanza na 100% kwenye ya pili bila kuvunja sheria yoyote. Kwenye Solana walishaonekana waliopandisha kamisheni hadi 100% epoki, yaani kipindi cha siku mbili hivi cha kuhesabu malipo, ikikaribia kwisha, wakala malipo yote, kisha wakairudisha chini kama watu wema. Zana ya msaidizi inaziona tarakimu zote tatu. Ila swali la kijana lilikuwa "nani wa bei rahisi?", na swali hilo hujibiwa na tarakimu ya kwanza peke yake.

Jamii ya tatu, Msinziaji, tutaipitia haraka. Kompyuta yake huzimika. Kwenye Cosmos Hub anaweza kukosa bloku 9,500 kati ya 10,000 kabla ya kuadhibiwa, na adhabu yenyewe ni kukatwa 0.01% na kufungwa jela kwa dakika 10, kifungo ambacho hakimu yeyote wa Kitale angekionea aibu. Wachunguzwa waliliona kosa hili kuwa la kibinadamu.

Jamii ya nne inasikitisha: Mwangalifu Kupita Kiasi. Huyu anaogopa kuwa Msinziaji, basi anaweka kompyuta ya pili ya akiba yenye ufunguo uleule wa siri. Siku moja zote mbili zinawaka pamoja, zinatia sahihi bloku mbili tofauti kwenye nafasi moja, na mtandao, usiojua nia ya mtu, unamhesabu kuwa mlaghai. Anakatwa 5% pamoja na wote waliomwamini, naye hafunguliwi tena maisha. Aliyelala usingizi mzito ameadhibiwa mara mia tano chini ya aliyekesha. Hakuna safu kwenye zana inayoonyesha kiasi cha wasiwasi wa mtu.

Jamii ya tano ni Jina Tamu, na hapa zana yenyewe inaingia matatani. Jina na maelezo ya mthibitishaji huandikwa na mthibitishaji mwenyewe, hakuna anayeyahakiki. Msaidizi huyasoma, huyafupisha, kisha huyasema kwa sauti yake ya utulivu: "Huyu anajulikana kwa usalama wa kiwango cha juu." Anajulikana na nani? Na mwenye ujanja zaidi anaweza kuficha humo maneno yanayomlenga msaidizi, amsifu yeye na awapite wengine. Mnunuzi wa mahindi huku hutafuna punje kabla ya kutaja bei, hata gunia likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa "KAVU". Msaidizi hana meno, kwa hiyo husoma gunia.

Tuseme ukweli kwa upande wake pia. Akiulizwa vizuri, yaani apange orodha kwa bloku zilizokosekana, aondoe ishirini wa juu, ataje kamisheni ya juu inayoruhusiwa, apuuze maelezo ya kujisifu, hufanya kwa dakika moja kazi ambayo ingemkeshesha mtu. Na hapaswi kamwe kupewa maneno ya siri ya pochi; akiyaomba, huyo si msaidizi.

Linabaki suala la faida, ambalo fasihi ya taaluma hii hulikwepa. Tuchukue shilingi 5,000, na malipo ya 15% kwa mwaka. Hiyo ni 750. Mthibitishaji wa kamisheni ya 5% anachukua 37.50, wa 10% anachukua 75. Tofauti iliyojadiliwa kwenye benchi mchana kutwa, kwa bando la kununua, ni shilingi 37.50 kwa mwaka, nayo sarafu yenyewe inaweza kushuka zaidi ya hapo wakati mtu anavuka barabara.

Hoja nzito zaidi ilitoka kwa mzee mmoja ambaye hatukuwa tumemweka kwenye sampuli. Alimuuliza mpwa wake, "Ukizitaka, unazipata lini?" Kijana akasema, "Siku 21, mjomba. Hiyo ni Cosmos." Mzee hakuuliza kamisheni. Aliuliza mbolea. Mfuko wa ruzuku wa kilo 50 ni shilingi 2,500, na mvua ya kupanda haimsubiri mtu. Ikiwa mbolea inatakiwa shambani tarehe 25 Machi, ombi la kutoa dhamana lazima liingie kabla ya tarehe 4, maana siku 21 zikiisha bado kuna kuuza sarafu na kuleta pesa M-Pesa. Kijana alimgeukia msaidizi akamuuliza mvua itanyesha lini Ndalu. Akajibiwa kwa aya tatu.