Gereji Imejaa Madaktari

Gari likichemsha mjini siku hizi, usihangaike kutafuta fundi. Fungua boneti tu. Muuza miwa atasogea, bodaboda ataegesha, na mzee mmoja mwenye gazeti kwapani, aliyewahi kumiliki Peugeot 504, atachukua uenyekiti. Fundi mwenyewe, aliyesota VETA, atabaki kushika tochi.

“Toa thamostati, bosi,” wataamua kwa kauli moja. “Hicho kidude ni cha nchi za baridi. Sisi tuna joto la kutosha.”

Hoja nzito hiyo. Ila kidude chenyewe hakina habari na nchi: hufunguka maji ya injini yakifika nyuzi 80 na ushee, na Dar es Salaam, pamoja na visa vyake vyote vya Februari, haijafika huko. Ukikitoa, injini inachelewa kupata joto lake, inabwia mafuta, na kama tatizo lilikuwa rejeta iliyoziba, inaendelea kuziba kwa amani.

Fundi akiuliza kama feni inazunguka, ana maringo. Akiomba watu wasogee, anajidai. Na sisemi wanyamaze. Swali la mpita njia mara nyingine humzindua fundi aliyezoea kazi kupita kiasi. Ombi langu ni dogo: anayeihukumu injini leo, gasketi ya silinda hedi ikiungua kesho, naye achangie. Ajabu, siku hiyo gereji nzima hupati hata wa kukushikia spana.