Rubani wa Jumapili
Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alivuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, kutoka Uingereza hadi Kanada, ndege yake ikatua pua matopeni. Bwana wetu, rubani wa Jumapili wa hapa Nakuru, akivuka Mlima Longonot tu, klabu nzima hailali.

Haya, tumpe haki yake: foleni ya Gilgil anaitazama kutoka juu, sisi tukimeza moshi wa malori. Lakini Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi, hewa nyepesi. Jua likikaza, kindege hukimbia uwanja mzima kikisitasita, na rafiki mwenye kitambi huombwa kwa adabu abaki chini. Naivasha anafika mara moja, anashuka na miwani ya jua, kisha anangoja bodaboda nusu saa. Bei ya petroli ya ndege usimwulize mbele ya mkewe.