Koti la Hereni
Udongo wa polima, ambao licha ya jina lake si udongo bali ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na kilainishi, yaani kemikali inayoifanya ifinyangike kabla ya kuokwa kwa nyuzi 130 hivi za Selsiasi, ukishaiva hauogopi maji, na kwa kawaida hauhitaji vanishi. Hata hivyo fundi wa hereni, kwa huruma isiyoombwa, huupaka rangi ya kucha, ambayo viyeyushi vyake huweza kuulainisha upya mpaka pambo linanata kama ganda la embe na kukusanya vumbi la mtaa mzima. Anayetaka mng'ao ana msasa na kitambaa. Aliyepaka unga unaometa, ambao hupukutika, ndiye mwenye haki ya vanishi ya poliurethani ya maji. Rangi ya kucha na irudi kuchani.