Vikombe vya Kutazamwa

Hongera, shoga, tumesikia sasa unachora vikombe. Tumesikia na tumeonyeshwa. Mgeni kwako siku hizi haketi mpaka amesifu. Waridi ni zuri, hatukatai, ingawa upande wa mkono limevimba kama lililoumwa na nyuki.

Kazi umeifanya. Umefuta mafuta ya vidole kwa spiriti, umechora, umesubiri rangi ikauke, umekiingiza kikombe kwenye oveni ikiwa bado baridi, ukaipandisha taratibu hadi nyuzi 150 na ushei, kisha ukakiacha kipoe humohumo kisipasuke. Luku imelia, wewe hukusikia.

Sasa masharti: kisisuguliwe kwa stilwaya, kisilowekwe, mdomo wa mtu usiguse rangi. Basi chai tukaletewa kwenye vikombe vya plastiki.

Zile bakuli za samawati za Uchina zilichorwa chini ya tabaka linalong'aa, zikachomwa kwa zaidi ya nyuzi 1,200. Ua lake hulibandui hata kwa msasa. Wazee wetu wa pwani walizipachika kwenye makaburi, Kunduchi na Mambrui, na angalau hawakumkaribisha marehemu chai.

Na tumeambiwa bintiye jirani umemwahidi seti nzima ya harusi, sahani na glasi, zote kwa mkono wako. Bibi harusi ameshaanza kuulizia bei ya kabati la vioo. Lenye kufuli.