Ombi la Kutogundua Chochote Bangale

Kwa Mkurugenzi,
Afisi ya Vibali, Mihuri na Rudi-Jumatatu.

Mheshimiwa,

Hapa Bangale jua limefika mapema. Barua yako bado.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa akiolojia. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inakataza kuchimbua mambo ya kale bila leseni, na ile ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inadai kibali cha utafiti. Zote njema, zinazuia wezi. Ila fomu yako imeongeza lake: nitaje, kabla sijashika sururu, nitakachokipata, idadi yake na kina kilipolala. Ningeyajua hayo, Mheshimiwa, ningefungua uganga.

Umeuliza pia kwa nini Bangale, ilhali "hakuna kitu kule". Kweli, ramani yako ni tupu. Wanaakiolojia walienda kwingine: James Kirkman alichimba magofu ya Ungwana, karibu na Kipini. George Abungu aliufuata mto Tana kutoka deltani kuelekea bara kwa shahada yake ya uzamifu, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Vyungu vya kale vya nakshi za pembetatu, vilivyofukuliwa Shanga kisiwani Pate, wasomi wamevipa jina la mto wetu, Tana. Jina tumetoa sisi, sifa zimebaki pwani. Huku hakuna kitu kwa sababu hakujachunguzwa, na hakuchunguzwi kwa sababu hakuna kitu. Hoja hiyo ni imara kuliko kuta za Ungwana.

Wakati faili linapumzika mezani pako, nimechukua tahadhari. Wazee wa Kiorma wanaokumbuka visima vya babu zao na kambi zilizohamwa nimewaomba wasife mwaka huu. Wameahidi kujaribu. Mti wa mathenge nimeukanya usitambaze mizizi juu ya majivu ya kale. Mto nao, unaohamisha mkondo ukifurika na kubeba kingo zake pamoja na vigae, niliupelekea kanuni zako. Mafuriko ya 2024 yanaonyesha haukuzisoma.

Basi nabadilisha ombi: nipe kibali cha kutogundua chochote. Penye "matokeo yanayotarajiwa" nimeshajaza "hakuna", ili tusiichafue ramani yako. Ada nimelipa. Barua ya chifu pia ipo tayari, Mheshimiwa. Anasubiri tu kibali chako ndipo aigonge muhuri, nawe unasubiri muhuri wake ndipo utoe kibali.

Wako mtiifu,
Mwombaji nambari "Inashughulikiwa"