Mheshimiwa Waziri, mwanamke naye alindwe kama korosho

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria,

Tunaandika kutoka Mnyambe, Newala. Tunaleta ombi lisilohitaji bajeti: wanawake wa Uwanda wa Makonde waingizwe rasmi kwenye orodha ya mazao ya biashara. Tumeona Serikali inavyoilinda korosho. Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo, Serikali ilitangaza kuinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi, JWTZ, yakaja kuibeba. Wakulima wakahakikiwa ili watu wa kangomba, wanaonunua korosho kwa magendo, wasipenye. Hatukusikia kiongozi akisema korosho ni mambo ya ndani ya mwenye shamba.

Mwanamke naye ana sheria, tena nzuri kuisoma. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Kikaishia hapo, adhabu hakikutaja. Mtatujibu kwamba Kanuni ya Adhabu ipo, na aliyeshambulia na kujeruhi anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Kweli, ila kwa miaka hiyo mitano kwanza lipatikane jeraha. Aliyepigwa usiku atachukua polisi fomu ya matibabu, PF3, atapita Dawati la Jinsia la hapohapo kituoni, atashonwa hospitali, na jioni atarudi nyumba ileile. Kifungu cha 139 kinaipa mahakama uwezo wa kumzuia mume asimsumbue, lakini ndani ya shauri la ndoa. Na shauri la talaka, kwa kawaida, sharti lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi. Yaani anayetaka kukingwa na ngumi akae kwanza mkekani kupatanishwa nayo! Uganda walitunga sheria mahususi ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, Kenya 2015. Tanzania Bara bado tunatafakari, na kutafakari hakujawahi kumvunja mtu mbavu.

Wapo watakaosema tunavuruga mila. Mila ipi? Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba alikuwa na sauti juu ya ndoa ya mpwa wake. Mume hakuachiwa mke kama mali isiyo na mwenyewe. Wengine watatutolea takwimu za utafiti wa afya wa 2015-16, ambapo asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba zipo sababu za mume kumpiga mkewe. Hoja hiyo ni nzito, ila mkulima anayeuza kangomba naye huuza kwa hiari yake, na sheria haikuwahi kumsubiri aichukie kangomba ndipo imkamate mnunuzi.

Tunaomba muswada wa sheria ya ukatili wa majumbani ufike bungeni, na ndani yake Mahakama ya Mwanzo ipewe uwezo wa kutoa amri ya zuio siku hiyohiyo, bila mke kulazimika kudai talaka kwanza.

Ni sisi wananchi wa Mnyambe.